Mtu Afichike, Kazi Ionekane

(Maneno haya yalisemwa Bagamoyo mbele ya kikundi cha Marafiki, yaani Wakristo waitwao Quaker, na majirani waliokuja kuwasikiliza. Yameandikwa kwa ombi la waliokosa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum. Ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Na ninyi vijana wa kijiwe cha bodaboda mliokubali kuegesha pikipiki zenu mchana huu wa biashara, nawashukuru sana.

Nianze na swali linaloulizwa mtaani tangu tulipoanza kukutana hapa. Watu wanauliza: hawa ni akina nani? Jumapili wanaingia ndani, hawapigi kinanda, hawaimbi, hawana mchungaji, wanakaa kimya saa nzima, kisha wanapeana mikono na kuondoka. Wenzetu wa Kenya wana wachungaji na wanaimba mpaka mabati yanatikisika, lakini sisi tumefuata ile njia ya zamani ya ukimya. Na kwa kuwa swali halikujibiwa, mtaa umejijibu wenyewe. Tumeitwa Freemason. Mwenye nyumba mmoja aliturudishia kodi tuliyokwisha kumlipa, kwa sababu wapangaji wenzetu walimwambia nyumba yake itaingiwa na mashetani. Simlaumu. Kundi dogo lisilo na kazi inayoonekana nje, watu watalitafutia kazi, na kazi watakayolitafutia haitakuwa njema.

Wapo miongoni mwetu wanaosema dawa yake ni kujitangaza: tukodi spika, tuchapishe vipeperushi, tuweke bango barabarani. Mimi sikubaliani nao, na ndiyo sababu nimeomba kuzungumza leo. Bagamoyo haina upungufu wa spika. Ninachoamini ni kwamba kundi dogo la kiroho huonekana pale watu wake wanaposhika kazi moja, wakaifanya pamoja, mahali pamoja, kwa muda mrefu, na kwa faida ya watu ambao si wao.

Najua kuna atakayesema, mbona tayari tunatenda mema? Ni kweli. Humu ndani yumo anayemlipia mtoto wa jirani ada, yumo anayepeleka uji kwa bibi mgonjwa kila asubuhi, yumo aliyempa fundi mtaji wa cherehani. Mungu awazidishie. Lakini tazameni jinsi wema huo unavyokwenda: kila mtu na mlango wake, kila mtu na kikombe chake cha maji. Vumbi linalala kidogo, mtungi haujai. Mtaa unasema mama fulani ni mkarimu, na siku mama huyo akihamia Dar es Salaam kwa mwanawe, uji wa bibi unahama naye.

Historia yetu wenyewe inafundisha jambo hili vizuri kuliko mimi. Marafiki, ambao wengi mnawasikia kwa jina la Quaker, walianza Uingereza katikati ya karne ya 17, wakati wa George Fox. Hawakuwahi kuwa wengi huko. Walikataa kuapa mahakamani, walikataa kwenda vitani, walikataa kumvulia mkubwa kofia. Walifungwa kwa maelfu, na kwa kuwa hawakula kiapo hawakuweza kukaa bungeni.

Mwaka 1783 Marafiki hao walipeleka bungeni ombi la kukomesha biashara ya watumwa. Walikuwa na hoja, walikuwa na ushahidi, na ndani ya jumuiya yao walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba Rafiki hawezi kumiliki mtu. Ombi likapokelewa kwa maneno ya heshima, likawekwa kando. Watu wema, wasemao ukweli, na hakuna aliyetikisika.

Miaka minne baadaye, Mei 1787, watu 12 walikutana kwenye nyumba ya kuchapa vitabu jijini London wakaunda kamati. Tisa kati yao walikuwa Marafiki. Watatu hawakuwa. Hao watatu, Thomas Clarkson na Granville Sharp wakiwemo, walikuwa wa Kanisa la Anglikana, na walileta kitu ambacho Marafiki hawakuwa nacho, yaani milango iliyofunguka. Clarkson alizunguka bandarini akihoji mabaharia, akikusanya minyororo na pingu za kuonyesha watu. Marafiki walileta fedha, uchapaji, na mtandao wao wa nyumba za ibada uliofika kila mji. Familia kwa maelfu zikaacha kula sukari iliyolimwa na watumwa. Sheria ya kukataza biashara hiyo ilipita mwaka 1807, baada ya miaka 20 ya kushika kazi ile ile moja.

Nalisema hili Bagamoyo kwa makusudi. Sheria ile ya 1807 haikufika hapa. Misafara iliendelea kushuka kutoka bara, ikivuka kwenda Unguja, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi 1873. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba watu 12 wa London waliikomboa pwani yetu. Ninachochukua kwao ni hiki tu: walipokuwa peke yao hawakuonekana, walipofanya kazi moja pamoja na wasio wao walionekana, na ukweli waliousema ulikuwa ule ule mara zote mbili.

Huku kwetu Marafiki walifika Pemba mwaka 1897, mwaka ambao utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba, wakaanzisha shamba pale Banani, karibu na Chake Chake, ili waliotoka utumwani wapate kazi ya ujira. Mwaka 1902 wengine kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi ya Kenya. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Pemba wamebaki wachache. Msinisikie nikiwaahidi kwamba huduma itatuongezea idadi, maana haina ahadi hiyo, na anayeingia humu kwa ajili ya idadi atachoka mapema.

Sasa niwapeleke Ujerumani, nchi ambayo babu zetu hapa waliijua kwa bendera yake. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watoto wa Ujerumani walikuwa na njaa kali. Marekani ilikuwa imetoka kupigana na nchi hiyo, na si wengi waliotaka kumlisha mtoto wa adui. Herbert Hoover, aliyesimamia shirika kubwa la misaada ya chakula na ambaye mwenyewe alilelewa katika familia ya Marafiki, aliwapa kazi hiyo Marafiki wa Marekani. Wakaanza mwaka 1920. Kazi ilipofika kileleni, watoto karibu milioni moja walipata mlo kila siku.

Nataka muuone utaratibu wenyewe, kwa sababu ndimo lilimo somo. Madaktari waliwapima watoto shuleni ili wale waliodhoofu zaidi watangulie. Walipewa supu, kakao, mkate. Wamarekani waliotumwa walikuwa kikundi kidogo tu. Waliokoroga masufuria, waliogawa, walioandika majina walikuwa Wajerumani wenyewe kwa maelfu, walimu na akina mama wa mitaa ile. Hakuna mtoto aliyeulizwa dini ya baba yake. Hakuna aliyetakiwa kukaa kimya saa nzima kabla ya kupewa supu. Na chakula kile Wajerumani wakakiita kwa jina la Quaker, wakaendelea kukiita hivyo hata waliokula walipokuwa wazee.

Walikuwa na alama pia. Ni nyota yenye ncha nane, nyekundu na nyeusi, iliyoanza kutumika katika vita vya Ufaransa na Ujerumani vya 1870 na 1871, Marafiki wa Uingereza walipopeleka mbegu na chakula vijijini. Nawaambia hili kwa sababu ya ubishi wetu wa fulana. Wapo wanaotaka fulana zenye jina letu, wapo wanaoona ni majivuno. Nyota ile ilivaliwa ili askari asimpige risasi aliyeivaa, na ili mwenye njaa ajue amfuate nani. Basi fulana tuivae siku ambayo mtu mwenye shida atahitaji kututambua kwenye umati. Kwa ajili ya kupiga picha tukaituma kwenye magrupu ya simu, hapana. Na mgonjwa asipigwe picha kabisa.

Mwaka 1947 Tuzo ya Amani ya Nobel walipewa Marafiki, kwa mashirika yao mawili ya huduma, moja la London na jingine la Philadelphia. Aliyekwenda Oslo kupokea kwa niaba ya Wamarekani ni Henry Cadbury, mwalimu wa chuo kikuu. Sherehe ilitaka koti maalumu lenye mkia mrefu nyuma, naye hakuwa nalo. Akaenda kwenye ghala la nguo za msaada, akaazima koti moja katika yale yaliyokusanywa kwa ajili ya wanamuziki wa Budapest, akalivaa mbele ya mfalme, kisha likaendelea na safari yake. Nampenda sana mtu huyu. Dunia nzima ilikuwa inawatazama, na nguo aliyovaa ilikuwa na mwenyewe anayeisubiri.

Hapa wazee watanisimamisha, na wana haki. Watasema sisi tumefundishwa kutoa kwa siri. Injili inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, na Waislamu wanayo hadithi ya Mtume yenye maneno ya karibu kabisa na hayo. Kuonekana si ni riya?

Nimelifikiria sana jambo hili. Riya ni mimi kutaka nisifiwe. Lakini mwanamke aliyejifungua usiku na damu inamtoka hawezi kunufaika na siri yangu. Anahitaji kujua, au nduguye ajue, kwamba katika mji huu wako watu fulani, wanapatikana mahali fulani, kwa namba fulani, na wakiitwa wanakuja. Mtu afichike, kazi ionekane. Katika huduma ya pamoja jina la mtoaji linamezwa na jina la kundi, na hiyo kwangu ni siri iliyo salama zaidi kuliko ile ya kutoa peke yangu, ambapo mpokeaji ananijua na kila akinipita njiani lazima anishukuru.

Tena si jambo geni Bagamoyo. Mji huu ulimjua Sheikh Ramiya, mtoto aliyeletwa kutoka Kongo akiwa mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Qadiriyya, njia moja ya Masufi, akafundisha hapa mpaka alipofariki mwaka 1931. Tarika hiyo ilipoanza hapa mwanzoni mwa karne ya 20 haikuwa kubwa. Katika duara la dhikri alikaa mwungwana na aliyekuwa mtumwa, bega kwa bega, na mji mzima uliona. Maulidi ya Bagamoyo yakavuta wageni kutoka kila upande wa nchi. Na mji huu ulimjua Sewa Haji, tajiri Mwismaili ambaye mali yake ilijenga hospitali Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1897. Ukienda Muhimbili leo utaikuta wodi ya Sewahaji, na wagonjwa wengi waliolala humo hawajui alikuwa nani. Sisi hatuna Sewa Haji. Hatuna mtu mmoja mwenye mali ya kutusitiri sote, kwa hiyo tulichobakiwa nacho ni kuungana.

Kuungana katika nini? Nimependekeza jambo moja na naomba tusilichanganye na mengine kumi. Ni damu.

Wengi wenu mmesimama kwenye korido ya hospitali mkaambiwa tafuteni ndugu wa kuchangia. Mnajua zile simu: una kundi gani, uko wapi, umekula? Wanaohitaji zaidi ni mama waliotokwa na damu wakati wa kujifungua, watoto waliopungukiwa damu kwa malaria, na majeruhi wa ajali, na hapo vijana wa bodaboda sihitaji kuwaeleza. Damu ya hospitali haiuzwi, lakini ni lazima kwanza itoke kwa mtu.

Utaratibu ni mfupi. Uwe na umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usipungue kilo 50. Unapimwa presha, unachomwa kidole kuangalia wingi wa damu, unalala, mfuko unajaa mililita kama 450, unakunywa soda, unakwenda zako. Damu inapimwa UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende kabla haijamfikia mgonjwa. Mwanaume anaweza kurudia baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne.

Sasa sikilizeni kwa nini kazi hii inataka umoja na haitaki umati. Damu nzima iliyohifadhiwa kwenye baridi hukaa wiki tano hivi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazifiki hata wiki moja. Kwa hiyo tukienda wote siku moja kwa mbwembwe, na spika na fulana, benki ya damu itafurika mwezi huo, na sisi sote tutakuwa tumefungiwa mlango kwa miezi mitatu au minne ijayo. Wengi wanaochangia kwa hiari nchini ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, akiba inashuka. Mwezi wa Ramadhani majirani zetu wengi wamefunga, na aliyefunga hawezi kushauriwa atoe damu mchana. Hayo ndiyo mashimo. Kundi dogo lenye nidhamu ya zamu linaweza kuyaziba, na umati mkubwa usio na zamu hauwezi.

Tupige hesabu. Tukiwa na wanaume sita na wanawake sita tu wenye afya, kila mmoja akitoa kila anaporuhusiwa, ni chupa 42 kwa mwaka. Nyingine zinatenganishwa, na chupa moja ikasaidia zaidi ya mgonjwa mmoja. Watu 12, idadi ile ile ya kamati ya London, ingawa sikuipanga.

Na wasioweza? Mama anayenyonyesha, mzee aliyevuka umri, kijana mwembamba ambaye mizani imemkataa, mtu aliyekuwa na malaria juzi? Hao ndio watakaoshika daftari, watakaompigia mtu simu kumkumbusha kuwa zamu yake imefika, watakaombebea mtoto wake akiwa kitandani, watakaompikia maini na mchicha akirudi. Kwangu hiyo ni nusu ya kazi yenyewe. Bila mtu wa daftari, zamu hufa mwezi wa pili.

Niseme na majirani zetu wazi. Hatuwaombi msali nasi. Hatutamhubiria mgonjwa aliyelala, wala hatutauliza chupa imekwenda kwa mtu wa dini gani. Tunawaomba mwingie kwenye zamu kama mlivyo: madrasa kama madrasa, kijiwe kama kijiwe, akina mama wa VIKOBA kama VIKOBA. Kijiwe mna pikipiki na mnajua nani yuko wapi saa nane za usiku. Sisi hatuna hiyo. Ninyi mtakapofunga Ramadhani, mchana ule tuachieni sisi. Wakati wetu wa safari na mikutano ya mwisho wa mwaka, ambapo wengi wetu huwa bara kwa wazazi, tutawaomba ninyi.

Na kwetu sisi Marafiki, ombi langu ni uvumilivu. Tusikae mwezi mmoja tukaanza kuulizana mbona bado tunaitwa Freemason. Jina lililotungwa kwa miaka halifutwi kwa chupa kumi. Tukubaliane miaka mitatu ya zamu bila kukatika ndipo tukae kimya pamoja, kama desturi yetu, tuulizane tumejifunza nini.

Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni. Andikeni jina, namba ya simu, kundi la damu kama mnalijua, na miezi mnayoweza. Asiyelijua kundi lake atapimwa siku ya zamu yake. Kwa mwaka mzima wanawake wachague miezi mitatu ya kutoa, wanaume minne, na mtu asijaze yote mwanzoni mwa mwaka. Kwenye ukurasa wa Ramadhani hakuna aliyeandika bado, na mimi nakwenda kuandika jina langu hapo sasa hivi. Anayetaka kunifuata anifuate. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.